Noti ya Neema na Sikio Langu la Kulia

Wandegeya, Kampala

Mama yangu mpenzi,

Kabla hujaendelea kusoma, kaa peke yako. Barua hii nimempa yule mama muuza vitenge anayekuja huko aiweke mkononi mwako mwenyewe. Ningeweza kuandika kwenye simu ya Riziki, lakini unamjua binti yako: angeisoma kwanza, na kabla ya chakula cha mchana Bukavu nzima ingekuwa inanililia. Mgongo wako unaendeleaje? Na Baba, bado anabishana na redio? Mimi nakula, nalala, na kazi ya kuchapa vitabu vya wanafunzi bado ninayo. Lakini naogopa, Mama. Sijaogopa hivi tangu nilipovuka mpaka.

Nilikwisha kukuandikia kuhusu nyimbo ninazotunga kwa kompyuta. Kwa kweli ni kazi yako. Ulipokuwa unaongoza kwaya ulitushusha kidogo kwenye noti ya mi, kidogo tu, mpaka sauti zikaacha kugombana zikatulia. Kinanda hakiwezi hivyo, noti zake zimeshafungwa. Kompyuta naipa hesabu: do ikitetemeka mara nne, mi itetemeke mara tano, sol mara sita. Inatii bila kununa. Nikatunga wimbo mzima wa sauti nne kwa hesabu hizo, na kwaya yetu ya Wakongo hapa ikakubali kuuimba.

Taabu ikaanza na Neema, dada mmoja wa Uvira anayeimba sauti ya pili. Wiki tatu nzima nilimwambia anapanda. "Shuka, Neema!" Akishuka, namwambia bado. Jumamosi iliyopita adabu ikanitoka, nikamwambia mbele ya wenzake kwamba heri angebaki jikoni. Akakunja karatasi yake taratibu.

"Mwalimu, mi naimba vile uliandika," akasema. "Labda wewe ndiye uangalie vizuri."

Akatoka. Mazoezi nilikuwa nimeyarekodi, basi nikakaa kwenye kompyuta nimtafutie ushahidi. Nikapima noti yake ya mi. Tano kwa nne, Mama, haikuzidi wala kupungua. Nikapima ya wiki iliyotangulia, ikawa vilevile. Pale tu nilipomlazimisha kushuka ndipo alipoharibika.

Nikatoa noti ileile tupu kwenye kompyuta. Nikaziba sikio la kulia, nikasikiliza. Nikaziba la kushoto. Sikio la kulia liliisikia juu zaidi, kama noti nyingine kabisa. Nikarudia tena na tena, kisha nikazima mashine.

Jumatatu nikapanda hospitali ya Mulago. Daktari mmoja mwanamke alinifungia kwenye chumba kidogo, akanivika visikizi vya masikioni, akanipa kidude cha kubonyeza kila nikisikia sauti. Nikabonyeza. Nikabonyeza hata nilipokuwa sisikii kitu, kwa kukisia, mtu mzima na akili zangu, naiba mtihani wa masikio! Akafungua mlango, akaniita bwana kwa Kiganda.

"Ssebo, wewe nafinya na mimi bado sijaweka sauti. Wewe naogopa nini?"

Nikamwambia mama yangu hasikii, na kwamba uziwi ulimwanza akiwa na umri kama wangu. Hakucheka. Tukaanza upya, na safari hii nikakiacha kidole kikae mpaka nisikie kweli. Kilikaa muda mrefu sana. Ameniambia nirudi Alhamisi kuonana na daktari mkubwa.

Kutoka pale nikamfuata Neema huko Naguru anakofanya kazi za ndani. Nikamwomba radhi, nikamweleza yote mlangoni, naye ameshika ufagio. Hakunisuta, ingawa nilistahili.

"Pole, Mwalimu," akasema. Halafu akafikiri. "Sasa kama sikio yako inakudanganya, nani atatuambia kama tumefika?"

Kompyuta itaniambia hesabu ziko sawa, hilo najua. Lakini mimi situngi hesabu. Natunga kwa ajili ya ule wakati sauti zinapotulia na mwili mzima unajua, na bila huo sioni ninatafuta nini.

Nisalimie Baba, ila usimwambie neno. Riziki mwambie nimekuandikia habari za mvua, maana atauliza. Shangazi wa nyumba ya nyuma, na mjomba aliyekuwa anaipigia kwaya yako ngoma, wape mkono wangu.

Mama, jambo hili sijawahi kukuuliza. Zamani nilikuwa mtoto, baadaye nikawa mwoga. Lilianza sikio gani? Kati ya la kwanza na la pili ilipita miaka mingapi? Na sasa ukiwa peke yako, kwaya bado unaisikia kichwani, au hata huko kumenyamaza?

Usinifariji. Niandikie kweli.

Mwanao,
Bahati