Maji ya Mwanga

Mama,

Shikamoo. Nikishaandika hivyo bado naisubiri marahaba yako, kama tulivyozoea kwenye simu.

Umeniachia mzigo na sijui niutue wapi. Tangu tukuzike, majirani zetu huko Makote wananisubiri mimi niwaletee maji.

Unakumbuka nilipokuja likizo na kile kipande cha kioo kutoka maabara Dar, kidogo kama kiberiti. Wewe ulikuwa unabangua korosho, mimi nakueleza. Nikasema humu ndani mna mifereji myembamba kuliko unywele. Tunapitisha umeme, tunamulika sehemu moja kwa mwanga mkali, maji yanapata joto pale na umeme unayasogeza. Hakuna pampu wala mota. Nikasema ni cha kupimia tone la damu, Mungu akijalia, kwenye zahanati kama yetu. Ukakigeuzageuza kwa vidole vyeusi vya utomvu, ukasema, "Leo kadogo. Katakua." Ulikuwa umefurahi, Mama. Nani angekukatiza?

Kumbe habari hiyo uliitembeza. Msibani, shambani, kwenye foleni ya kuuza korosho: Salma wangu anapandisha maji kwa mwanga. Na watu wenyewe ni hawa wanaoshuka bondeni na kupanda kilima na ndoo kichwani. Wangeachaje kukusikiliza?

Nilikuja kwenye arobaini yako. Kisima cha jirani yetu Mama Zuhura, kile cha uani kinachokinga maji ya bati, kimepasuka ukuta. Fundi alikwenda na saruji yake, akamrudisha. Nilipomuuliza akanishika mkono. "Salma mwanangu, mie nizibe cha nini? Mama'ko alisema maji yanakuja." Mvua ziko karibu. Zikinyesha, maji yote yatapotelea ardhini, halafu kiangazi atashuka bondeni na magoti yale unayoyajua.

Nikamwambia ukweli. Nikasema, Mama Zuhura, kazi yangu ya mwaka mzima haijazi kijiko cha chai, na haikukusudiwa kujaza ndoo. Nilimwambia mara ya kwanza taratibu, mara ya pili nalia. Akanifuta machozi kwa kanga yake. "Usijishushe. Mama Salma hakuwa mwongo."

Sasa nifanye nini? Nikikataa, nakufanya wewe mwongo. Nikinyamaza, naua kisima cha watu. Nasoma vitabu vizito, Mama, naweza kuyaambia maji yakate kushoto yakaenda kushoto, lakini kumgeuza bibi mmoja nimeshindwa. Hasira inanipanda, kisha nakumbuka jinsi ulivyokuwa ukinisifia, inashuka.

Nakuahidi hili moja. Nimeomba ruhusa kazini, wiki ijayo napanda basi. Nitakiziba kile kisima mwenyewe kabla ya mvua, hata akinicheka, hata akisema napoteza saruji. Lakini wenzake walioacha kukarabati visima vyao kwa ajili ya neno lako ni wengi, na mikono yangu ni hii miwili.

Pumzika, Mama. Mungu akulaze pema. Kila usiku naomba nikuote, lakini kama unaruhusiwa kumjia mtu mmoja tu ndotoni, usije kwangu. Nenda kwa Mama Zuhura, umwambie.

Mwanao,
Salma