Tiriaki ya Mutua

Mwende mjukuu wangu,

Huku tu wazima, ila magoti ya nyanya yako bado yanamsumbua. Umeniuliza neno tiriaki, ulilolisikia chuoni, lina asili gani. Ni dawa ya kuondoa sumu. Waarabu walilitoa kwa Wagiriki wa kale, waliowatibu kwayo walioumwa na nyoka na wanyama wakali.

Nililisikia Riyadh, nilipokuwa dereva. Jirani yetu pale mtaani Malaz aliweka dawa ya kunguni chumbani mwake, akafunga mlango, akaenda zake. Hewa ya dawa hiyo ikapenya hadi kwa Mutua, niliyeishi naye, mimi nikiwa kazini. Hospitalini daktari akaniambia, "Mafi tiriaki."

Mafi nililijua: hakuna. Nikadhani tiriaki ni dawa iliyowaishia tu, nikakimbia kuitafuta kwenye maduka ya dawa. Katika duka la tatu, Msudani mmoja aliyejua Kiingereza alinieleza hilo neno, kisha akauliza, "Sumu gani?"

Nikamwambia. Akanishika bega. "Ndugu yangu, dawa ya sumu hiyo haipo popote."

Niliporudi, Mutua alikuwa ameshafunikwa uso. Nikakaa nikimshika mguu, ungali na joto.

Soma sana, mama.

Babu yako