Ulimeza Vidonge Vyote

Baba,

Shikamoo. Najua hutaitikia, ila mkono umekataa kuanza bila salamu.

Mpunga wa Michenga umetoa masuke. Dungu lako la kulindia mpunga bado limesimama pale shambani, limeinama kidogo upande wa mto, na ndege kwelea wameshaanza fujo zao. Mama hajafika kaburini kwako tangu tukuzike. Alikukasirikia, Baba. Wakati ule wa mlipuko wa malaria, ulipougua, ukapona, kisha ukaugua tena, sote tulisema neno lile lile: mzee kaweka tena akiba. Tabia yako ya kubakiza vidonge kwenye kiberiti, eti vikusaidie msimu wa kuamia ndege, nani hakuijua? Ukaapa, "Safari hii nimemeza vyote. Kawaulizeni kwelea." Tukacheka. Ulikufa hujaaminiwa, na hilo ndilo linaloniuma.

Damu yako ya mara zote mbili, iliyokaushwa kwenye karatasi, ililetwa kwenye maabara yetu hapa Ifakara pamoja na za wagonjwa wengine. Foleni ilikuwa ndefu. Zamu yako ya kupimwa vinasaba vya vimelea imefika juzi, na mkuu wangu akaniita. Vimelea vya mara ya kwanza si vile vilivyokuua. Vya kwanza dawa ilivimaliza. Vingine uliletewa na mbu upya, ukilala dunguni.

Nilimweleza Mama jikoni. Akaweka mwiko chini, akaenda chumbani, akarudi na chandarua chako. Tulipogawiwa tulikitundika vizuri kabisa, juu ya kitanda ambacho msimu mzima hukukilalia. Hakuna aliyekumbuka kukuletea shambani. Hata mimi, ambaye kazi yangu ni malaria. "Tulimgombeza bure," Mama alisema, kisha akalia kilio ambacho siku ya mazishi hakukilia.

Laiti majibu haya yangekukuta hai. Ningekuja nayo mpaka dunguni, unicheke wewe.

Jumapili baada ya misa tunakuja kwako, Mama na mimi. Msimu huu nachukua likizo niamie mpunga wako, na chandarua nitakifunga kwa mkono wangu kwenye nguzo za dungu ulizozichimbia. Hilo nakuahidi.

Pumzika, Baba. Kiberiti chako Mama amethubutu kukifungua jana. Kina njiti tu.

Mwanao,
Resti