Kasa Wawili na Chiriku Mmoja: Kikao cha Dharura cha Kwaya

Tarehe: Jumapili, 9 Juni
Mahali: Chumba cha mazoezi, ghorofani juu ya duka la viatu
Waliohudhuria: Mwenyekiti, Katibu, Mzee Besi, Shemeji wa Katibu (kiongozi wa sauti ya kwanza), wanakwaya 23, na mtarizi (mwalikwa)
Hakuhudhuria: Mpiga kinanda (mafua, ingawa asubuhi alionekana sokoni mzima kama kigingi)

KUMB. NA. 1/ KUFUNGUA
Mwenyekiti alifungua kikao saa kumi na dakika ishirini, akaomba watu wazungumze mmoja mmoja. Hawakuzungumza mmoja mmoja.

KUMB. NA. 2/ FULANA ZA SHINDANO
Ilielezwa kwamba Katibu alimwandikia mtarizi: "Nembo ni chiriku. Fulana thelathini kasa mbili," yaani ishirini na nane. Zimekuja thelathini, kila moja ina chiriku katikati ya kasa wawili wa baharini. Shindano ni Jumamosi. Katibu alisema angetaka wanyama angeandika "wawili". Mtarizi alijibu kwamba aliliona kosa hilo la sarufi, akamsitiri.

KUMB. NA. 3/ KASA NA CHIRIKU
Shemeji alisema: "Chiriku anaimba! Kasa hana hata mluzi. Anataga, anafukia, kwaheri. Mwenzake analisha makinda kutwa."
Mzee Besi alijibu kwamba kasa huzunguka bahari miaka na miaka, kisha akarudi kutaga pwani ileile alikozaliwa, ilhali wapo wanaopotea kati ya ubeti wa pili na kiitikio. Shemeji aliuliza anasemwa nani. Mzee alisema anaongelea ndege.
Iliamuliwa fulana zivaliwe, maana nyingine hakuna.

KUMB. NA. 4/ HOJA YA KUMWONDOA KATIBU
(Imeandikwa na Mwenyekiti. Katibu alitolewa nje.)
Shemeji alitoa hoja kwamba Katibu ang'olewe, Kiswahili chake cha kale cha kabatini kimetuaibisha. Nilikumbusha kuwa ameshika kazi hii miaka kumi na moja, na tangu astaafu hana nyingine. Kura zilipigwa kwa mikono. Wote walitaka abaki, na mkono wa kwanza kunyooka ulikuwa wa Shemeji. Nilimuuliza imekuwaje. Akasema: "Nilitaka asutwe. Nani kasema aondoke?"

KUMB. NA. 5/ KUFUNGA
Katibu alirejea akiwa na hofu, wala hafichi, akaambiwa matokeo tu. Watu walitawanyika saa kumi na mbili. Maneno ya Shemeji, Katibu ameyakuta leo anaponakili maandishi ya Mwenyekiti, na imembidi avue miwani kwanza.

Mwenyekiti: ....................
Katibu: ....................