Swichi Iliyokataa Kulia

Göppingen,
9 Novemba 2003

Kwa Dada Roswitha,

Pokea salamu zangu na za mke wangu Gudrun. U hali gani, dada? Swali hilo linaninyima raha usiku na mchana. Najua umeapa kutosema nami tena, na haki unayo. Lakini usiichane barua hii. Isome yote, maana bila msamaha wako sijui nitaishije.

Nianze na gari la Bwana Klopfer, lile jekundu la michezo la mwaka 1979. Likisimama tu, kasi ya injini inapanda, inashuka, kisha injini inazimika. Nikaishuku swichi ya kipepeo cha hewa, kile kibati kinachoruhusu hewa kuingia, ile inayoipa injini habari kwamba mguu umetoka kwenye mafuta. Unakumbuka Baba alivyotufundisha: usikimbilie mita ya umeme, fungua kipepeo taratibu utege sikio, swichi nzima hulia "tak". Hii haikulia. Nikakaza skrubu, kimya. Nikafunga mpya, kimya. Ya tatu nayo kimya! Wiki tatu nzima, dengu zikinipoa mezani, na Klopfer akiniuliza mbele za watu kama karakana yangu sasa ni jumba la makumbusho.

Jumamosi Gudrun aliniletea kahawa akanikuta nimeinamia injini, machozi karibu. Nikamwambia hata hii ni mbovu. Akashangaa, akasema mbona inalia kila nikiigusa. Nikabisha.

"Wende, unanitania? Tak, hiyo hapo! Na huo mpira wa hewa unafoka muda wote. We kweli sikio la kufa!"

Alicheka peke yake. Nikachukua mita, nikaipima swichi ya kwanza niliyoitupa. Nzima. Nikaupapasa mpira, kidole kikazama kwenye ufa.

Dada, masikio yangu yamekwisha. Kwenye simu nimekuwa nikibahatisha tangu mwaka jana, nikaficha kwa aibu. Sikujua kwamba hata injini zimenikimbia. Siku ile ulipopiga nilidhani unanisimulia habari za harusi ya mjukuu. Juzi ndipo mumeo alipomwambia Gudrun ulichosema: saratani imerudi. Nami nilikujibu, "Safi sana, ilikuwa imechelewa."

Sikukusikia, Roswitha. Wallahi sikukusikia.

Nakuja Bremen Alhamisi kwa treni. Kama utanifukuza, nifukuze ukinitazama usoni, polepole, nisome midomo yako.

Msalimie shemeji Ottokar.

Ni mimi mdogo wako,
Wendelin