Mgongo Ulioniachia

Baba,

Imetimia miezi saba tangu tukuzike hapa kijijini Zuzu, na bado sijalia. Naanza na hilo kwa sababu najua ungependa kujua nani alilia na nani hakulia, na mimi sitaki kukudanganya. Mashangazi walilia. Yohana alilia mpaka wakamshika mikono. Mimi niliosha vyombo. Nilipomaliza sufuria za kwetu nikachukua za jirani nikaosha na hizo. Niliporudi kazini mjini, mkuu wangu pale masjala akaniambia pole kwa msiba. Nikamjibu, "Asante, na wewe pia." Akanitazama. Nikaendelea kupanga mafaili.

Sijui kwa nini niko hivi. Nipo tu, kama mkono uliolaliwa.

Nakuandikia kwa kuwa kuna jambo nimelijua baada ya wewe kuondoka, na wa kwanza kustahili kulisikia ni wewe. Ulikuwa mgonjwa, Baba. Miaka yote ile. Ule haukuwa uvivu.

Unazikumbuka asubuhi zetu. Mama alitutoka nikiwa darasa la nne, Yohana bado anabebwa mgongoni. Mimi ndiye niliyewasha moto, nikakoroga uji wa uwele, nikatoa mbuzi zizini, halafu ndiyo nikimbie shule. Wewe ulikuwa umekaa ukingoni mwa kitanda, mikono juu ya magoti, unasubiri sijui nini. Saa nzima. Wenzako wa genge la reli walipita na mitaimbo begani, wakakuita, ukawajibu kwa sauti tu, kusimama hujasimama. Nikiwa darasa la sita nilichoka. Nikakuambia baba za wenzangu wameshatoka, wewe bado umekaa kama mgeni anayengoja chai.

Hukunikaripia. Ulisema, "Mwili bado haujafika, mwanangu."

Niliona ni neno la mtu mvivu. Nililisimulia shuleni, tukacheka.

Lakini ikifika saa nne ulikuwa mtu mwingine. Nyapara wenu alikuwa akisema asubuhi hana mtu, ila mchana ana watu wawili. Ulinyanyua mataruma ya reli, ulishindilia kokoto, na jioni ulirudi unatembea vizuri kuliko ulivyoondoka. Hakuna aliyejiuliza inakuwaje mtu aumie akilala na apone akifanya kazi. Mimi pia sikujiuliza. Mwaka baada ya mwaka ulizidi kuinama, shingo ikakakamaa, ukiitwa kwa nyuma ukawa unageuka mwili mzima, kama mtu mwenye ndoo ya maji kichwani. Tukasema ni uzee. Ulikuwa na miaka arobaini na kitu.

Halafu ile siku ya mbuzi. Kamba ilikuzunguka mguu ukaanguka, hata si kuanguka kwa maana, ulikaa tu chini kwa nguvu, na ukainuka mwenyewe. Yohana alinipigia simu akasema Baba analalamika mgongo, pale juu karibu na shingo. Nilikuwa na rundo la barua mbele yangu za kugonga muhuri. Nikamwambia, "Mpeleke kwa Bibi Mbeleje amkande. Atakuwa ameteguka."

Ni hayo tu niliyosema. Nikakata simu nikaendelea na muhuri.

Bibi Mbeleje ametukanda sote, wewe unajua. Alinikanda kifundo cha mguu nilipoteguka nikiwa mdogo, alimkanda Mama alipojifungua Yohana. Ana mikono mizuri. Alikupaka samli, akamwambia Yohana akushike mabega, akakunyoosha. Kesho yake miguu yako ilikuwa haina habari na wewe.

Zile wiki tano za hospitali sitaziandika. Ulikuwepo.

Daktari alituambia uti wa mgongo umevunjika, kifua nacho kikaingia maji, basi. Watu walishangaa msibani, mzee kaangukia matako tu zizini, imekuwaje avunjike huko juu. Wengine wakaanza kutafuta mchawi. Mimi nilikuwa naosha vyombo.

Miezi mitatu baadaye mgongo wangu ukakataa. Si kwamba ulikuwa mzima kabla, ulikuwa ukiniuma tangu nina miaka ishirini na kitu, nikisema ni kiti cha ofisi. Lakini sasa asubuhi nilishindwa kuinama kuvaa viatu. Mwenzangu mmoja akaniambia kuna tabibu kule mjini, anatibu migongo kwa mikono, tiba yenyewe inaitwa kairopraktiki. Akasema unalala kitandani, anakugeuza, unasikia pingili zinalia ta-ta-ta, unainuka mwepesi. Nikataka hiyo ta-ta-ta. Nilitaka nisikie kitu chochote.

Tabibu mwenyewe ni mama wa Kirangi kutoka Kondoa, anaitwa Salma, mfupi, ana sauti ya chini. Karibu saa nzima hakunigusa. Aliuliza. Maumivu yanakuja lini? Asubuhi. Yanakaa muda gani? Mpaka nifike kazini, wakati mwingine zaidi. Ukipumzika yanapungua? Hapana, yanazidi, yanapungua nikitembea. Hapo akaacha kuandika, akaniuliza kama nyumbani kuna mtu mwenye mgongo wa namna hiyo.

Nikamweleza wewe. Kitanda, mikono juu ya magoti, kuinama, kugeuka mzima mzima. Nilieleza kama ninavyosoma faili la mtu nisiyemjua.

Juu ya meza yake kuna mgongo wa plastiki, pingili zote zimepangwa. Akanionyesha. Kumbe kati ya pingili na pingili kuna gegedu laini, ndiyo inayobeba uzito tunapoinuka na ndoo au tunapokaa vibaya kutwa nzima. Ndani katikati unapita ule mshipa mkubwa wa fahamu, unaoiambia miguu itembee. Kazi yake yeye, alisema, ni viungo vilivyokwama: anavisukuma kwa mikono, kwa kipimo, vipate tena kucheza, halafu anakufundisha kukaa, kuinua mzigo na kunyoosha misuli ili usirudi kwake kila wiki. Nilikumbuka ulivyonifundisha kwamba reli lazima iachiwe nafasi kwenye maungio, la sivyo jua likiwaka inapinda. Nikamwambia hilo. Akasema huyo mzee aliuelewa mgongo.

Kisha akanipima kwa tepu nikiinama, akanipima kifua nikivuta pumzi. Kifua hakikufunguka inavyotakiwa. Nikapanda kitandani ningojee ta-ta-ta. Akaniambia nishuke.

"Leo sikugeuzi," alisema. "Kuna migongo haigeuzwi mpaka tujue ndani kuna nini."

Akaniandikia barua niipeleke hospitali, nikapigwa eksirei, nikatolewa damu. Daktari wa hospitali akakuta viungo vile vinavyoshika mgongo na nyonga vimeanza kuvimba kwa ndani na kushikana. Ni ugonjwa, Baba, una jina refu ambalo sijaweza kulitamka vizuri. Mwili wenyewe unaushambulia mgongo. Unaanza ujanani, unauma asubuhi, unapoa kwa kazi, na usipotibiwa pingili zinaweza kuota mfupa na kugandana mpaka mgongo unakuwa fimbo moja. Na unapita kwenye damu, mzazi kwa mtoto.

Nilirudi kwa Tabibu Salma na majibu. Nikamwuliza lile nililokuwa nalo tangu nilipopigwa ile picha ya eksirei. Mwenye mgongo uliogandana hivyo, akianguka kidogo tu?

Akasema fimbo kavu haipindi, inavunjika.

Na ukivunjika kidogo, mtu akainuka mwenyewe, halafu akashikwa mabega akanyooshwa?

Alivuta kiti akakaa mbele yangu. "Nani alinyooshwa?" aliuliza. Nikamwambia. Akasema hawezi kujua. Huenda mfupa ulikuwa umeshahama ulipoanguka, na miguu ingekufa tu hata kama tungekulaza kwenye pamba. Huenda sivyo. Akasema hatanidanganya ili nilale usingizi. Nilimshukuru, nikatoka, nikapanda gari la kurudi kazini, nikafungua masjala. Siku hiyo niligonga muhuri wa tarehe ya jana kwenye barua zote. Nilirudishiwa zote.

Sasa Yohana. Anashughulikia shamba lako la zabibu, na analishughulikia vizuri. Lakini majirani wanasema amerithi uvivu wako wa asubuhi. Nilipolisikia hilo nilijua lazima nimpeleke, na nilijua siwezi kumpeleka bila kumwambia kwa nini, na nikimwambia kwa nini lazima nimalizie yote. Kwa sababu yeye ndiye aliyekushika mabega. Nilikaa na jambo hilo wiki sita. Kila Jumapili nilikuja, tukala ugali na mlenda, nikarudi mjini nalo.

Jumapili ya saba, baada ya ibada, nilimfuata shambani. Alikuwa anapogoa. Nikaanza na mgongo wangu, nikaja wako, nikamaliza na samli. Hakuacha kukata. Alikata mstari mzima huku mimi nasema. Mwishoni akasema, "Kwa hiyo ni mimi niliyemshika."

"Ni mimi niliyepiga marufuku hospitali," nilisema, ingawa hata si kweli, hakuna aliyeipiga marufuku, haikunijia tu akilini. Nikajisahihisha. "Ni mimi niliyesema akandwe. Wewe ulimtii dada yako."

Alikwenda mstari wa pili. Nikakaa chini kwenye udongo nikamngoja. Aliporudi, mkasi wa kupogolea bado mkononi, akauliza hiyo picha wanapiga umesimama au umelala. Nikasema umelala. Akasema sawa.

Alhamisi tulikwenda. Anao, Baba. Wake umetangulia wangu kidogo, ila mgongo bado unapinda, na daktari anasema tumewahi. Anameza dawa. Tabibu Salma amemfundisha mazoezi ya kunyoosha kifua na kupumua, anayafanya asubuhi mlangoni, amevaa kaptula, wapita njia wanamcheka. Tabibu haigusi shingo yake kwa nguvu hata kidogo. Anaishika kama yai.

Lililobaki lilikuwa Bibi Mbeleje. Yohana hakutaka. Alisema yule ni mzee, tukimwambia tutamuua. Mimi nilisema bado anakanda watu, kesho ataletewa mwingine aliyeanguka. Tulibishana, ndiyo mara ya kwanza kubishana tangu ufe, na nadhani ilitufaa. Mwishowe tulikwenda wote wawili, Jumamosi iliyopita, asubuhi.

Tulimkuta anapepeta karanga uani. Tukampa shikamoo, akaitikia, akatutolea vigoda. Nilikuwa nimejipanga maneno. Sitakulaumu Bibi, hukujua, nasi hatukujua. Nilianza tu na habari za mgongo wangu, akaweka ungo chini.

"Niliusikia, wajukuu zangu," alisema. "Mfupa ulilia chini ya mkono wangu, na haukulia kama mfupa unaorudi. Tangu siku ile sijamkanda mtu."

Zaidi ya miezi minane. Watu walimfuata akasema mikono ina ganzi. Msibani alikaa nyuma ya nyumba kutwa, mimi nilidhani amechoka. Nilipita mbele yake na masufuria mara ngapi sijui.

Yohana aliinuka kwenye kigoda, taratibu, kwa namna yenu ile, akaenda kupiga magoti mbele yake, akamshika ile mikono. Akamwambia alikuwepo, alikushika, na yeye pia aliusikia. Hakuwahi kuniambia hilo. Wakakaa hivyo. Mimi nilichukua ungo nikaendelea kupepeta karanga, kwa sababu sikujua niweke wapi mikono yangu. Karanga nyingi zilimwagika.

Ndivyo ilivyo, Baba. Bado sijalia, ila leo nimeweza kuiandika ile siku ya mbuzi.

Nilimsimulia Tabibu Salma habari za Bibi. Akasema mikono iliyokanda kijiji kizima haitupwi, aje, amwonyeshe ya kugusa na ya kuacha: aliyeanguka asiguswe mpaka apigwe picha, mwenye ganzi miguuni apelekwe hospitali, na mgongo wa kijana unaouma kila alfajiri usiitwe uvivu. Bibi alikataa. Jana alimtuma mtu kuniuliza kama huko wanapokea wazee wasiojua kusoma.

Lala salama, Baba. Nakuahidi kumpokea Bibi siku ya Jumanne pale stendi, nimpeleke kwa mkono wangu mwenyewe, na nitakaa naye humo ndani mpaka amguse mtu tena.

Mwanao,
Sechelela