Siombi Radhi kwa Kuitazama Damu

Kaka Demissew,

Salamu nyingi kutoka huku Gojam. Mimi ni mzima, hofu ni kwako wewe na shemeji. Je, kifua cha mama kimepungua? Na Kwaresima hii anafunga kama kijana, au mmemzuia? Barua yako nimeipata, na ukali wako wote nimeupata: eti nimwombe radhi Bwana Asrat kabla ya Jumatatu, la sivyo nifukuzwe, na kazi ya maabara haiokotwi njiani. Kaka, siombi. Soma kwanza, ndipo unigombeze.

Huyu Asrat ndiye mkuu wetu. Tangu mashine ije, amri yake ni moja: mashine ihesabu chembe nyeupe za damu, karatasi iende wodini, basi. Mpaka mashine itoe alama nyekundu ndipo tupake damu kwenye kioo tuitazame kwa hadubini. Mimi huniambia kwamba kama naipenda sana hadubini, nikaolewe nayo.

Wiki mbili zilizopita aliletwa Enatnesh, mzazi wa siku tisa, siagi wanayopakwa wazazi utosini inamtiririka hadi shingoni, homa inapanda na kushuka. Mama mkwe wake alishikilia kwamba ni jicho baya, kuna mtu alimtazama akila uji. Mashine ikahesabu chembe elfu saba na mia nne, hesabu ya mtu mwenye afya kabisa, na alama nyekundu hakuna. Daktari akaandika arudi nyumbani.

Mimi nikapaka kioo. Ndiyo, nilivunja amri! Sikiliza nilichokiona. Chembe hizo ndizo zinazotupigania. Maradhi yakizidi, zilizokomaa hufa kwa wingi, na mwili hutoa changa, ambazo kiini chake bado kimepinda kama kiatu cha farasi. Zilizobaki hujaa punje nyeusi na kutoboka matundu kama mkate wa injera. Za Enatnesh zilikuwa hivyo, karibu zote. Idadi ilikuwa nzuri, lakini waliohesabiwa walikuwa watoto na majeruhi.

Nikakimbia wodini. Asrat akanifuata akisema nimetumia rangi mbovu, na kwamba mashine ya serikali haibishani na jicho la msichana. Nikasimama mlangoni nikawaambia Enatnesh atatoka kwa kunikanyaga. Mama mkwe akanirushia lake, eti mwanamke asiyezaa ana uchungu gani na mzazi. Liliniuma, kaka, lakini sikusogea. Mwishowe daktari akaenda kuchungulia hadubini mwenyewe, kisha akarudi mbio. Walikuta kipande cha kondo la nyuma kimeozea tumboni. Wakamsafisha, wakamtundikia dawa siku sita. Jana alikuwa ananyonyesha, akaniuliza kama zile punje zimeondoka. Nikamjibu zimepungua.

Na bado Asrat anataka nimwinamie mbele ya wenzangu wote, kwa kuwa nimemwaibisha! Ametuma wazee watatu. Wamekunywa kahawa yangu raundi zote tatu, wakaniusia kwamba mkono usioweza kuukata, ubusu. Nikawaambia huu sitaubusu, wanywe kahawa yao kwa amani.

Sasa keti, kaka. Baba alipolazwa hapa mwaka juzi, damu yake ilipita mikononi mwangu. Mashine ilisema elfu nane. Nikapaka kioo kwa siri, nikaziona punje na matundu, yale yale. Nilipomwambia Asrat, akanikemea niache kumfundisha daktari kazi. Nami niliogopa. Nikakiosha kile kioo, nikanyamaza. Baba akaruhusiwa, siku ya tatu akatutoka, ninyi mkasema siku yake ilikuwa imefika. Nami niliitikia pamoja nanyi, nikijua.

Kwa hiyo Asrat hapati neno langu, anifukuze akitaka. Radhi ninayodaiwa ni ya kuwaomba ninyi. Pasaka nitakuja na jiwe shingoni, kama wafanyavyo wakosaji wa kwetu, nipige magoti mlangoni hadi mtakaponitua au mtakaponifukuza.

Nibusie wanao, na shemeji mpe pole ya mifungo. Mama usimpe salamu zangu. Nitamletea mwenyewe, pamoja na hayo niliyokuandikia.

Mdogo wako,
Wubit